Keki za Wali Zilizoliwa na Bata

Kila Jumamosi asubuhi, Jolien alipokuwa akifunga viatu vyake vya baiskeli, bibi yake Godelieve alimtilia vipande vya keki ya wali katika mfuko wa mgongoni wa fulana. Wali huo aliupika mwenyewe kwa maziwa, sukari na zafarani, akaukata na kuufunga kwa karatasi ya foili.

"Ule kidogo kidogo njiani, mjukuu wangu. Usingoje njaa ikubishie hodi."

"Sawa, Bibi."

Lakini majira yale ya kuchipua Jolien hakuwa akizila. Binamu yake Stijn, aliyekuwa akishindana mbio za baiskeli na watu wazima, alikuwa amejigamba mezani: "Sisi siku nyingine tunaendesha bila kula wanga wowote. Mwili ukikosa sukari, unajifunza kuchoma mafuta. Unakuwa chuma!" Jolien, mwenye miaka kumi na mitatu, alitaka kuwa chuma. Basi kikundi cha klabu yake ya baiskeli kilipopita kando ya Mto Schelde, alijichelewesha nyuma ya wenzake na kuwatupia bata keki zote. Alirudi nyumbani na karatasi tupu, na Bibi alifurahi kuziona.

Jumamosi moja walipanda vilima vya nje ya mji wa Oudenaarde. Kwenye mwinuko wa barabara ya mawe, miguu ya Jolien ililegea kama uji. Jasho la baridi likamtoka, macho yakaingia giza, akaanguka mtaroni pamoja na baiskeli yake.

"Kocha! Jolien kaanguka!" mwenzake Ines alipiga kelele.

Kocha Wannes alimnywesha maji ya sukari mpaka rangi ikamrudia usoni. "Umekula nini leo?"

"Keki ya Bibi. Yote."

Kocha akakunja uso. "Basi huenda wali ulikuwa umechacha."

Hapo Jolien angeweza kusema kweli. Badala yake akainama kuokota baiskeli yake.

Jioni, mama yake Jolien alizungumza jikoni kwa sauti ya chini. "Mama, wali wa maziwa ukilala nje unaharibika. Mtoto angeumia vibaya."

"Nilidhani niliuweka kwenye friji," Bibi alisema. "Labda nilisahau. Uzee huu!" Akaumwaga wali wote uliobaki.

Jumamosi iliyofuata Jolien alipewa biskuti za dukani. Kwenye uwanja wa klabu, Ines alimtania: "Wee, bibi yako alitaka kukumaliza nini?" Wote wakacheka. Jolien naye akacheka. Kisha, kwa aibu, akageuza baiskeli na kurudi nyumbani.

Alimkuta Bibi akinusa jagi la maziwa. Alinusa, akaliweka chini, akalinusa tena, kama mtu asiyeiamini pua yake mwenyewe.

"Bibi," Jolien alisema, machozi yakimtiririka, "wali haukuchacha. Sikuula. Niliwapa bata."

Bibi aliliweka jagi mezani. "Bata?"

"Ndiyo, Bibi. Siku zote."

"Na mimi nimekaa wiki nzima nikijiona nimemlisha mjukuu wangu sumu." Hakumkumbatia. Alichukua koti lake. "Twende. Umenichafua mbele za watu, utanisafisha mbele za watu."

Kwenye uwanja wa klabu, wenzake walipokuwa bado wakijiandaa kuondoka, Jolien alisimama mbele yao akaeleza yote, masikio yakimwaka moto. Safari hii hakuna aliyecheka. Ines aliinamisha kichwa. Kocha Wannes alivua kofia.

"Nisamehe, Mama Godelieve. Nilihukumu kabla ya kuuliza vizuri." Kisha akawageukia watoto. "Wako wakubwa wanaofanya mazoezi machache bila wanga, tena wakiangaliwa na madaktari. Hata wataalamu bado wanabishana kama inawasaidia kushinda. Mwili hujengwa na kazi uliyoifanya vizuri, kisha chakula na usingizi. Mwenye njaa hufanya nusu ya kazi, halafu anaanguka. Na ninyi bado mnakua. Kuleni njiani."

Jolien alimtazama bibi yake kwa woga.

"Mwili wako ulipona kwa maji ya sukari, mara moja," Bibi alimwambia. "Uongo haukupona hivyo. Ulikaa nyumbani kwetu ukitula mpaka wewe mwenyewe ulipofungua kinywa. Kusema kweli umesema, na nimekusamehe. Lakini kukuamini tena, mjukuu wangu, hiyo utaifanyia kazi."

"Nitaifanya, Bibi," Jolien akajibu, bado akitazama chini.