Kitsao Nzai Wawili

"Nani amebonyeza 'Kubali'?" Shangazi Zipporah aliuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Si kompyuta yenyewe ilipendekeza!" Kanze alijibu.

"Kompyuta haina kidole. Wewe unacho."

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu mto ufurike Kilelengwani na babu yake apotee. Kila siku baada ya shule alikuja ofisini kwa shangazi, hapa Garsen, kumsaidia kupanga orodha mbili: ya waliopotea na ya waliopokelewa kambini. Leo programu ilikuwa imependekeza orodha hizo ziunganishwe kwa majina. Kanze aliona jina la babu, "Kitsao Nzai, amepatikana Hola," akabonyeza bila kusoma zaidi.

"Soma umri," shangazi aliamuru.

"Kumi na... tano."

Huyo alikuwa kaka yake, aliyehamishiwa Hola pamoja na shule yake.

"Sisi Wagiriama mjukuu hupewa jina la babu. Baba wa babu yako alikuwa Nzai, na baba yenu ni Nzai. Kompyuta itajuaje? Sasa umemtoa babu kwenye wanaotafutwa. Nani angemtafuta?"

"Nilitaka arudi, shangazi. Kigoda chake bado nakitoa nje kila asubuhi."

"Ni baba yangu, Kanze. Unadhani mimi sitaki?" Shangazi aliangalia dirishani kidogo, kisha akavuta kiti. "Tengua."

Kanze akatengua. Wakaunganisha upya kwa jina, umri na kijiji. Babu akarudi miongoni mwa waliopotea, na Kanze akajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Karatasi za kambi ya Chara zilikuwa bado hazijaingizwa. Shangazi alisoma, Kanze akachapa. Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Kwenye wa tano, mstari mmoja ukajitokeza: Kitsao Nzai, miaka sabini na sita, Kilelengwani.

Kidole cha Kanze kilielekea "Kubali," kikasita. "Tuwaulize kwanza. Nambari ya kambi iko wapi?"

"Hii hapa. Kitu unachokitamani sana ndicho cha kuhakikisha mara mbili, kwa sababu moyo wako umeshakubali kabla ya macho. Piga sasa hivi."

Kanze akapiga, akaeleza, akaambiwa asubiri. Kisha akasikia kikohozi anachokijua.

"Kanze? Kigoda changu amekikalia nani?"

"Hakuna mtu, babu."