Laptop Iliyong'olewa Masikio

Betri ilikuwa juu ya meza, waya wa umeme ulikuwa bado ndani ya mfuko, na laptop ilikuwa ya moto. Haukuwa moto wa jua, maana pazia lilikuwa limeshushwa tangu asubuhi. Ulikuwa moto wa mwili. Mama Chiriku alipoweka kiganja juu ya kifuniko alihisi kama anampima mtoto homa, akauondoa mkono haraka na kuufuta kwenye nguo yake.

"Baba Chiriku, umeiwasha hii?"

"Haijawashwa tangu dukani," mumewe alijibu kutoka jikoni. "Kwani vipi?"

"Basi tu."

Hiyo basi tu ndiyo iliyowaponza. Na wala isisemwe kwamba hawakuonywa, maana walionywa dukani mchana kweupe, na aliyewaonya ndiye aliyekuwa anauza.

Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa mikutanoni na kuziandika neno kwa neno, nyumbani kwake, huku akimlea mwanawe. Laptop yake ya zamani ilikuwa imeungua bodi. Alipokwenda kutafuta nyingine alijua anachotaka: kibodi isiyochosha vidole, memori ya kutosha, skrini isiyoumiza macho, na zaidi ya yote, sauti safi. Kosa lake ni kwamba alikwenda na mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kila kitu duniani alikipima kwa ngozi yake.

"Hii hapa," alisema, akipitisha kidole juu ya kifuniko cheusi. "Hata mchubuko mmoja haina. Aliyekuwa nayo alikuwa mtu msafi."

"Sinunui mlango mimi. Nataka nisikie inavyotoa sauti."

Muuzaji akakohoa. "Sauti haitoi, dada. Na kitufe cha kufuta nacho kimekufa. Lakini mashine yenyewe ni imara, inakimbia. Spika fundi yeyote atakuwekea."

"Kwa nini nyinyi hamkuweka?"

Muuzaji aliangalia mlangoni kabla ya kujibu. "Aliyetuletea alisema tusiweke."

Mtu mwenye akili timamu angeaga hapo hapo. Baba Chiriku alicheka mpaka akashika kiuno, akasema mtu makini hahitaji kitufe cha kufuta, na mkewe, aliyekuwa na kazi ya watu imelala wiki nzima, akachoka kubishana.

Fundi waliyempelekea aliitwa Bisibisi, mwanamke wa maneno machache ambaye kibanda chake kilijaa laptop zilizokufa, alizokuwa akizichopoa viungo ili kuponya zilizo hai. Aliifungua ile nyeusi, akainamisha taa, kisha akarudi nyuma na kuziba pua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nywele zinazoungua.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza. "Maiki imeng'olewa. Spika zimekatwa waya, halafu ncha zake zimezibwa kwa nta. Mwizi wa vipuri hana muda wa kuziba nta."

"Unaweza kurudishia?"

"Naweza. Nasema tu, kuna mtu alihangaika sana ili kitu hiki kisisikie wala kisiseme."

"Mimi nakula kwa masikio, fundi. Weka."

Bisibisi hakuwa mtu wa kugombana na mteja. Alikwangua nta, akachukua masikio kwenye maiti moja na mdomo kwenye maiti nyingine, akachomea. Waya wa mwisho ulipokaa, feni ya ndani ilizunguka mara moja tu, kama mtu anayevuta pumzi. Betri ilikuwa mbali, kwenye kona ya meza.

"Ni chaji iliyobaki," alisema bila kuinua uso. "Huwa inatokea."

Haitokei, na yeye alijua haitokei.

Sasa huyo Chiriku. Alikuwa binti mdogo ambaye bado hajaanza shule, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Aliongea tangu anapofumbua macho. Aliongea na viatu vyake, aliigombeza ndoo, aliwapa mchwa habari za nyumbani. Baba yake alikuwa akisema mtoto huyu amemeza redio. Mama yake, baada ya kutwa nzima ya kusikiliza watu wazima wakijisifu mikutanoni, alikuwa akivua hedifoni na kupumzika kwa kumsikiliza yeye. Hakuna kitu alichokipenda zaidi ya ile sauti.

Kazi ya kwanza kwenye mashine mpya ilikuwa kikao cha kamati ya mitaro. Mwenyekiti alikuwa anavuta maneno kuhusu maji machafu, na katikati ya hotuba yake, karibu kabisa na maiki, mtoto akasema: "Kijiko."

Mama Chiriku alitabasamu. Alidhani mjumbe fulani alikwenda na mwanawe. Katika kazi yake kuna sharti moja lisilovunjwa, kwamba kila kinachosikika kiandikwe, hata kikohozi, hata kiti kinachoburutwa. Akaandika: Sauti ya mtoto: kijiko.

Wakati wa chakula Chiriku alinyoosha mkono. "Mama, naomba... naomba..." Kijiko kilikuwa mbele yake. Alikitazama kama mgeni asiyemfahamu, akakasirika, akaanza kulia.

"Usingizi huo," baba yake alisema.

Kesho yake mtoto wa kwenye mkutano alisema kiatu, akasema mvua, akasema njoo. Mama Chiriku aliandika yote, maana alikuwa hodari wa kazi yake. Jioni mvua iliponyesha Chiriku alisimama dirishani, akagonga kioo kwa ngumi, akamgeukia mama yake akiwa amepanua mdomo, na mdomoni hamkutoka kitu.

Daktari alimmulika kooni, akamvuta ulimi, akampima masikio. "Mzima kabisa huyu," alisema. "Kuna kitu kimemtisha nyumbani?"

"Hakuna," walijibu wote wawili, na walikuwa wanaamini wanachosema.

Nyumba ikaanza kunyamaza. Watu hawajui jinsi kimya cha mtoto kinavyotisha mpaka kiingie kwao. Chiriku sasa alikuwa anavuta watu nguo na kuonyesha kwa kidole, na mchwa wake walipita bila salamu. Laptop, kwa upande wake, ilikuwa inashamiri. Feni yake ilivuta na kushusha pumzi taratibu hata ikiwa imezimwa, harufu ya nywele zinazoungua ilihamia kwenye mapazia na mito, na Baba Chiriku alipopita karibu nayo alijikuta ananyata bila kujua kwa nini.

Ndipo katibu wa kamati ya mitaro alipopiga simu.

"Dada, kazi yako ni safi sana. Ila nikuulize, huyu mtoto ni nani?"

"Mtoto wa mmoja wenu, si ndiyo? Anaingilia ingilia."

"Hapakuwa na mtoto ukumbini. Nimesikiliza rekodi yetu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtoto humo."

Mama Chiriku aliifungua kazi aliyoandika, akaipitia kwa kidole. Kijiko. Kiatu. Mvua. Njoo. Baba. Nataka. Hapana. Nipe. Mwanasesere. Lala. Chiriku. Yaliendelea ukurasa baada ya ukurasa, na kila neno aliloligusa alikumbuka siku lilipopotea mdomoni mwa mwanawe. Hakuna aliyeingia nyumbani kwake kumwibia. Alikuwa ameyaandika yeye, kwa bidii, bila kosa hata la herufi moja. Aliichukia mikono yake siku hiyo.

Aliizima laptop, akachomoa betri, akaifunga kwenye blanketi na kuisukumia chini kabisa ya kabati, akageuza ufunguo, kisha akampakata mwanawe kitandani, mchana ule ule, jua likiwa limejaa chumbani na majirani wakisikika nje wakianika nguo, akamkumbatia kwa nguvu, akahisi kifua kidogo kikipanda na kushuka juu ya kifua chake, akautazama mdomo wa mtoto kwa karibu kabisa akauona umefungwa, umefungwa kabisa, huku ndani ya kabati, chini ya blanketi, kwa sauti ile ile aliyoipenda kuliko zote, ile yenye mtetemo mdogo kwenye herufi za mwisho, Chiriku akisema: "Njoo. Nataka. Fungua. Bado neno moja."

Mtoto aliyekuwa mapajani akaligeukia kabati. Akasema neno pekee lililokuwa limembakia.

"Mama."

"Hilo," kabati likasema. "Liandike hilo."

Baba Chiriku alikwenda mbio akarudi na Msomaji, mtu anayejulikana kwa kutoa majini, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua na hasira zake. Aliamuru madirisha yote yafunguliwe, baba akae na mtoto chumba cha pili, na laptop iwekwe mezani bila betri. Ilijiwasha yenyewe kabla hajakaa vizuri.

Alisoma kwa muda mrefu, akipenga kamasi na kuendelea. Kifuniko kilipata joto mpaka rangi ile safi ikaanza kuvimba malengelenge.

"Mwizi we," Msomaji alisema kwa sauti ya chini. "Toa cha watu."

"Sikuiba," Chiriku alijibu kutoka kwenye spika, na akacheka, na kicheko kile nacho kilikuwa cha Chiriku. "Nimeandikiwa. Yule pale kaniandikia kwa mkono wake."

Msomaji alimgeukia mwanamke kwa macho makali. Majini ya zamani yalikuwa na adabu, yalitaka ubani, yalitaka pete. Hili lilitaka maneno ya mtoto na likapata mtu wa kuliandikia.

"Basi afute kwa mkono ule ule," alinong'ona. "Futa, dada. Upesi."

Kitufe cha kufuta hakikubonyezeka, kama muuzaji alivyosema. Mama Chiriku akakimbilia kibodi yake ya zamani ya waya, akaichomeka ubavuni.

Jini liliacha kucheka. "Mayai ya mende nyinyi. Sikiliza, mwandishi. Nilichokigusa nimekigusa. Kila neno hapa lina mdomo mmoja tu sasa. Likiwa kwake, kwako halipo. Likiwa kwako, kwake halipo. Haya futa."

Alifuta kijiko.

Chumba cha pili mtoto akapiga kelele, "Kijiko!" na baba yake akapiga kelele pia. Mama Chiriku alitaka kulirudia neno lile kwa furaha. Ulimi wake ulilitafuta kila upande, halikuwapo. Kilichokuwapo ni kitu cha kulia chakula, chenye mpini, kisicho na jina.

"Dada, simama kidogo," Msomaji alisema, maana aliona uso wake. "Tujadiliane nalo kwanza."

Hakusimama. Alifuta kiatu na mvua, akafuta njoo, akafuta nipe na lala na hapana, akafuta huku anatokwa na machozi na pua ikimwashwa na ile harufu ya nywele, akisikia ng'ambo ya ukuta kila neno likifika salama na kupigiwa makofi na baba mtu asiyejua lilikotoka, akifuta huku upande wake vitu vikivuliwa majina kimoja kimoja, dirisha, mkono, nyumba, mpaka alipofika kwenye jina la mwanawe, kidole kikasita juu ya kitufe, na laptop ikamwita kwa jina lake yeye alilopewa na wazazi wake, ikimbembeleza, ikamwambia lile la mtoto abaki nalo. Akalifuta.

Feni ikatoa pumzi ndefu. Joto likaondoka. Msomaji aliifunga ile laptop kwa kitambaa chenye unyevu, akaipeleka kwa mhunzi, wakaitia kwenye tanuru mpaka ikawa uji mweusi. Msomaji aliporudi kuaga, Mama Chiriku alitaka kumshukuru, na maneno yaliyokuja ni yale ambayo jini halikuyataka.

"Kamati," alisema. "Kamati inapongeza." Msomaji aliondoka bila kugeuka nyuma.

Asubuhi Chiriku aliamka akiongea. Aliwafokea mchwa kwa uzembe wa siku zote zile. Baba yake alikuwa amemweleza kwamba mama amesahau kuongea kidogo, na mtoto akaipokea habari hiyo kama zawadi, maana hajawahi kufundisha mtu. Alipanda kiti, akaweka vyombo vya chai mbele ya mama yake, akanyanyua kimoja.

"Mama, hiki kinaitwa kikombe. Ki-ko-mbe. Sema."

Mama Chiriku aliitazama ile midomo midogo. Neno lilikuja bila shida, la uvuguvugu, tamu, akalia kwa furaha kabla halijatoka.

"Kikombe," alisema.

Chiriku alipiga makofi. "Baba! Mama kasema! Sema tena, Mama, sema..." Akasimama. Alikigeuza kile alichokishika, akachungulia ndani yake, akakunja uso. "Mama, sema tena hiki. Hiki kinaitwa... Mama?"

Mama yake alikuwa ameelewa. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Haya, tusome kingine," Chiriku alisema, akanyanyua sahani. "Hii rahisi. Sema."

Mwanamke akatikisa kichwa.

"Sema, Mama. Nakufundisha vizuri. Sema."

Akatikisa kichwa tena, na mtoto alipomshika vidole kuvibandua mdomoni, alimsukuma. Hakumsukuma kwa nguvu, lakini hakuwahi kumsukuma hata siku moja. Chiriku alimtazama. Kisha akashuka kwenye kiti, akaenda sebuleni kwa baba yake, akamwambia kwa maneno yaliyonyooka kabisa kwamba mama hampendi tena.