Tairi la Kushoto

Asubuhi ile pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, gari jekundu la Mwalimu Kokulinda lilivuta kushoto ghafla likapindua beseni la dagaa. Akashuka na gauni lake la kitenge cha njano, mikono kichwani.

"Kitendawili!" fundi Shigela alimwita kutoka gereji ya jirani.

"We kaka, nimemwaga dagaa wa watu, unaniletea vitendawili?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Pacha wawili wanavuta mzigo mmoja. Mmoja kavaa viatu, mwenzake yuko peku."

Kokulinda akacheka bila kupenda. "Tairi za mbele!"

"Umepata. La kulia jipya, la kushoto kipara. Ukikanyaga mafuta, tairi hazivuti sawa, usukani unakuponyoka."

Dawa yake ilikuwa tairi jipya tu, na Shigela aliijua. Lakini gari likipona, mwanamke huyu atarudi kutafuta nini? Akafunga tairi jingine lililochakaa, akasema, "Tutaliangalia tena Jumamosi."

Basi zikapita Jumamosi sita za samaki sato wa kukaanga na vicheko.

"Fundi wangu, limeanza tena," Kokulinda alikuwa akipiga simu.

"Lilete, mwalimu wangu."

Kila mara Shigela alijiapiza kusema kweli. Kila mara alimwona anashuka garini, akaishia kushika spana.

Kisha mvua ikanyesha. Simu ikalia.

"Shigela, niko mtaroni. Mteremko wa Bugando. Limenivuta..."

Alipanda mlima mbio. Alimkuta ameketi juu ya jiwe, kalowa, kiatu kimoja mguuni, damu kwenye paji la uso.

"Ni mimi," Shigela alisema. "Tairi bovu nililiweka makusudi. Ili urudi."

Kokulinda akafuta damu usoni.

"Ungeniua."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema tu, 'Njoo tule sato'?"

"Nilishindwa. Wewe mwalimu, mimi hivi nilivyo."

Kokulinda akamtupia funguo kifuani. "Funga tairi mbili mpya. Kisha utaniendesha hadi Bukoba, wewe mwenyewe umweleze mama yangu nani alinitia mtaroni. Na kwa nini."

"Mwalimu, hata kwa tairi mpya, ukikanyaga mafuta ghafla gari litavuta kidogo. Shafti zinazozungusha tairi za mbele, moja ndefu, nyingine fupi. Limeumbwa hivyo."

"Basi utakanyaga polepole."

Jumamosi iliyofuata Shigela alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga mafuta polepole kuelekea Bukoba.