Anayepanda kwa Visigino

Wewe, mumeo akifa, ukamzika kwa mikono yako, halafu saa sita mchana umsikie anapanda ngazi kuja kwako, utamfungulia mlango? Usijibu haraka. Kissa naye alikuwa na jibu tayari, la mapenzi na machozi, mpaka siku aliposikia.

Hakwenda Guangzhou, China, kutalii. Alimzika Thadeo kwao Tukuyu, akajaza madai ya bima ya maisha, akasubiri. Kampuni haikukataa kulipa. Ilisema tu kwamba mazingira ya kifo yana utata. Cheti kilitaja moyo. Taarifa ya polisi wa Guangzhou, alikofia, ilisema marehemu alikutwa chini kabisa ya ngazi, mbali na chumba chake, bila viatu, amevaa soksi zilizotoboka visigino. Mtu ambaye moyo unamsimama anafuata nini ngazini na soksi? Kampuni iliuliza hivyo kwa barua ya heshima, kisha ikanyamaza, na ukimya wake ukafanya kazi kuliko barua. Wakwe walisema mnufaika wa bima ni mke, basi mke anajua. Wakabaki na watoto wake wawili "mpaka jina lako lisafishwe, mwanetu." Walisema kwa upole sana, wakitoka kanisani.

Akaenda mwenyewe kulisafisha. Akafikia Kangle, chumba cha ghorofa ya tano ambacho Thadeo alipanga pamoja na Derick, mwenzake wa biashara ya nguo kutoka Makambako. Derick alimwachia chumba, yeye akahamia stoo ya mizigo. "Hapa ni kwako, shemeji," alisema, macho yakiwa ukutani.

Kangle ni mtaa wa karakana za kushona. Majengo yamesogeleana hadi jirani anaweza kukupa chumvi dirishani, na ngazi zina giza hata jua likiwa utosini. Taa za ngazi huwaka zikisikia kishindo na kuzima pakiwa kimya. Cherehani hulia kutwa. Mchana tu ndipo hunyamaza, mafundi wakila na kujilaza juu ya majora ya vitambaa.

Ni katika ukimya huo Kissa alisikia. Tuk. Kimya. Tuk.

Alidhani wanapandisha robota la nguo. Lakini robota halitui kila kona kuvuta pumzi. Mwanga ukawaka chini ya mlango. Ikapenya harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kopo jekundu ambayo Thadeo alijipaka kifuani kila alipochoka. Siku hiyo ya kwanza alifungua, maana hakujua. Hapakuwa na mtu. Taa ilikuwa imewaka, na hakuna aliyekuwa amekohoa.

Kesho yake sauti ilirudi. Hakufungua tena.

Laoban, bosi mwenye jengo, alikuwa ameanza kuwasha udi ngazini. Alisema ni wa mbu. Kissa hakuwahi kuona mbu anayewekewa machungwa pembeni ya udi.

"Derick, mchana husikii kitu ngazini?"

"Mchana mimi sipo, shemeji."

Kweli hakuwepo. Leo soko la Shiling kutazama mikoba, kesho bandari ya Nansha kufuata kontena.

"Kontena gani?"

"La mteja."

"Mteja yupi?"

"Shemeji, umeanza kuwa kama watu wa bima."

Ghorofa ya chini aliishi Denise, Mkongo wa Lubumbashi, aliyepikia wafanyabiashara chakula na kuwaongozea maombi. Jengo zima lilimjua kwa kutoa majini. Alipanda na Biblia, akaketi, akasikiliza mpaka taa ikazima. Akaifunga Biblia bila kuisoma.

"Ma sœur, dada, hii hapana jini."

"Ni nini?"

"Mutu akipanda ngazi, anakanyaga na vidole. Huyu iko napanda na visigino tu, vyote viwili." Akashusha sauti. "Namna ya mutu wanamuvuta kwa makwapa."

Kissa akazikumbuka soksi.

"Mwombee aondoke, Mama Denise."

"Aondoke aende wapi? Mi nafukuzaka mashetani. Mupangaji, hapana."

Rodgers, mpelelezi wa kampuni, alikuwa ameomba mara nyingi kumhoji Derick kama shahidi, na kila mara Derick aliumwa, au alisafiri, au simu ilizima. Safari hii Kissa hakumwuliza. Alipatana na Rodgers apige mchana wa Guangzhou, asubuhi ya nyumbani. Denise akapika sombe, kisamvu cha kwao, akamwita Derick chumbani kwa Kissa. Alipokwisha kunawa, Denise alisogeza kiti chake mlangoni, akakikalia, na Denise si mwanamke wa kuinuliwa.

Simu ikalia. Kissa akaiweka spika.

"Bwana Derick, pole na majukumu," Rodgers alisema. "Marehemu ulimkuta wapi?"

Derick alimtazama Kissa, kisha mlango. "Ngazini. Nilikuwa natoka sokoni. Alikuwa ameshakufa."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Tuk.

"Shemeji, kuna gari linaningoja."

"Kaa," alisema Denise.

"Ulijuaje ameshakufa?" Rodgers aliuliza.

"Alikuwa wa baridi."

Tuk, na tuk nyingine, karibu zaidi, na mwanga ukawaka chini ya mlango na safari hii haukuzima, na harufu ya dawa ya kuchua ikaingia nzito hadi sombe ikapotea puani, na visigino vikafika kizingitini vikatua, na palipotua visigino ikaanza pumzi, ndefu, yenye kukwama katikati kama maji yanayotafuta njia kwenye bomba bovu, ikivutwa, ikikwama, ikitolewa.

"Samahani," Rodgers alisema. "Mko wangapi hapo?"

"Watatu," Kissa alinong'ona.

"Mbona nasikia wa nne? Kuna mtu anapumua kwa shida. Yuko karibu na simu kuliko ninyi."

"Alikuwa ameshakufa," Derick alirudia, na pumzi ikawa kubwa zaidi. "Ameshakufa," na kioo cha dirisha kikaanza kutetema.

Kissa akasimama. Akaenda mlangoni. Denise akajivuta pembeni na kiti chake.

"Usimfungulie," Derick alisema.

"Nani?"

Derick akaketi sakafuni. "Viza yangu ilikuwa imekwisha. Mtu akifia chumbani, polisi wanakagua kila aliyemo. Nikaona akikutwa ngazini, ni wa jengo zima. Si wangu."

"Kwa hiyo ulitoa maiti," alisema Kissa.

Ng'ambo ya mlango ilivutwa pumzi moja, ikabaki imeshikwa.

"Derick. Ulitoa maiti?"

"Nilimshika makwapa, nikamshusha kinyumenyume. Kwenye kona ya kwanza akafumbua macho. Akaniuliza, 'Derick, tunakwenda hospitali?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo."