Homa ya Uongo ya Nonie Gilfoyle

"Namba, tafadhali?"

"Dada, sina namba. Nataka daktari! Daktari yeyote, aje Dorchester, haraka!"

Mkono wa Nonie ukaganda hewani, plagi ya kuunganishia simu ikiwa kati ya vidole. Sauti ile aliijua kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu. Ilikuwa ya Malachy Devane, mchumba wake.

Ilikuwa mchana wa Ijumaa Kuu, Boston, mwaka 1919, siku ya nne ya mgomo. Maelfu ya mabinti wa simu walikuwa wametoka kazini tangu Jumanne, na mafundi wa nyaya, Malachy akiwa mmoja wao, wakawafuata. Ndani ya jumba la simu walibaki wanafunzi wa vyuo waliokuja kwa mzaha, mabinti wa matajiri wachache, na Nonie Gilfoyle.

"Dada, unanisikia? Najua wewe ni msaliti, siku nyingine nisingekupa hata salamu. Lakini leo nakupigia magoti. Mchumba wangu ana ile homa. Kila siku mwenye nyumba wake ananiambia amelala. Leo hata huyo mama hayupo, kaenda kanisani. Nimebisha mpaka mkono umechubuka. Haitiki!"

Nonie akafumba macho.

Jumatatu, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alikuwa amenyoosha mkono pamoja na wenzake: tunagoma. Asubuhi yake Bi Thorndike, mkuu wa zamu, akamfuata nyumbani kwa gari.

"Gilfoyle, wenzako wote watafukuzwa," alimwambia. "Wewe una akili. Baki, na kiti cha msimamizi ni chako."

Nonie alimkumbuka baba yake, aliyegoma katika kiwanda cha nguo, akafukuzwa, na asipate tena kazi hadi kaburini. Hofu ikamshika. Na tuseme kweli, kile kiti nacho alikitamani. Akamwomba mwenye nyumba wake amfichie siri, kisha akamwandikia Malachy kijibarua:

*Usije karibu, Mal. Nimepata ile homa. N.*

Malachy alijibu kwa machungwa sita na kikaratasi, akavikabidhi kwa mwenye nyumba:

*Eily hakuwahi kuyala machungwa yake. Haya yako uyale. M.*

Eily alikuwa dada yake Malachy. Homa ile ya mafua, iliyoua maelfu mjini, ilimzoa Oktoba, kwa siku mbili tu.

"Dada! Uko hapo?"

Angeweza kubana pua asijulikane sauti, akamuunganisha na daktari, na daktari angekuta chumba kitupu. Alilifikiria hilo. Mpaka uzeeni aliona aibu kwamba alilifikiria.

"Malachy," akasema. "Hakuna wa kuitiwa daktari. Mimi mzima."

Waya ukavuma.

"Nonie? Uko wapi?" Kisha sauti ikashuka. "Loo. Uko hapo."

"Niko hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na homa?"

"Hapakuwa na homa."

"Nonie, nimemzika Eily juzijuzi tu. Katika magonjwa yote ya dunia hii, ukachagua lile?"

"Nilijua hungethubutu kuingia."

"Ningeingia! Mama yangu ndiye aliyenikamata shati nyumbani. Nilimwambia, niache, nikifa nife naye."

"Mal, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka miwili. Namba, tafadhali. Namba, tafadhali. Nilikuwa naipenda hiyo sauti, Nonie."

Simu ikakatwa.

Nonie akavua visikilizio, akaviweka mezani. Bi Thorndike akaja mbio.

"Gilfoyle! Unakwenda wapi?"

"Nje."

"Gari la kuwarudisha nyumbani linakuja saa kumi na mbili, mlango wa nyuma."

"Naujua mlango wa nyuma. Leo napita mbele."

"Ukitoka, kile kiti usahau!"

"Kimeshaniunguza, Bi Thorndike. Mpe mwingine."

Nje, wagomaji walikuwa wakizunguka wawili wawili, wamevaa kofia zao za Pasaka. Delia Moynihan, aliyekaa kiti cha jirani na Nonie kwa miaka mitatu, ndiye aliyemwona kwanza.

"Nonie! Umepona, shoga yangu?"

Halafu akaangalia mlango aliotokea. Tabasamu likamfia mdomoni.

"Nilimwambia kila mtu hapa," Delia akasema polepole. "Nikawaambia, Nonie angekuwa nasi kama angeweza kusimama."

"Niliweza kusimama, Delia."

"Naona."

"Niruhusuni nitembee nanyi."

"Barabara siyo ya baba yangu. Tembea."

Mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Wengine wakageuza nyuso, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nonie akajiunga mkiani, peke yake, na nafasi ya hatua kumi kati yake na wa mbele yake. Alitembea Ijumaa ile mpaka miguu ikafanya malengelenge. Jumamosi akaja tena. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogelea.

Jumapili ya Pasaka habari zikafika: wameshinda! Nyongeza ya mshahara imepatikana. Mabinti wakakumbatiana, wakarusha kofia, wengine wakalia. Nonie alisimama kando ya nguzo ya taa, mikono yake haijui imshike nani. Nyongeza ile ingemfikia na yeye. Hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke.

Alipoinua uso, Malachy alikuwa mbele yake.

"Sijaja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Mama hajui kitu. Mimi nimeshindwa kumwambia. Tangu Jumanne anakusalia rozari, magoti yamemvimba. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako mwenyewe."

Wakaenda South Boston kwa miguu, Malachy mbele, Nonie nyuma, kama watu wasiojuana.

Mama Devane alifungua mlango, akapiga kelele, akamkumbatia Nonie kwa nguvu zote.

"Moyo wangu! Umefufuka na Bwana! Hebu nikuone, mbona umekonda hivi?"

"Mama, niachie kwanza."

"Nikuachie nini? Ingia!"

"Mama, sikuumwa."

Mikono ya mama ikabaki mabegani mwake.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Sikuumwa hata siku moja. Nilikuwa kazini. Wenzangu walikuwa nje, mimi ndani. Niliwadanganya wote. Nikakudanganya hata wewe, kwa ugonjwa uliomuua Eily."

Mama Devane akamwachia. Akakaa kwenye benchi ya ukumbini.

"Eily nilimwombea, akafa," akasema. "Nikasema, basi angalau huyu. Sasa hivi ulipobisha, nilidhani Mungu amenijibu."

"Nisamehe, mama."

"Usiniharakishe!" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Kitu kama hicho hakisamehewi mlangoni, na kofia kichwani."

Nonie akainamisha kichwa, akageuka aondoke.

"Nani amekwambia uende?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Kudhani kwako ndiko kulikotufikisha hapa. Vua kofia. Malachy, mletee kiti."

"Mama, mimi sijaanza kusema naye."

"Nimekwambia useme naye? Nimesema kiti!"

Kiti kikaletwa. Mezani palikuwa na paja la nguruwe la Pasaka, kabichi na viazi. Walikula watatu, vijiko tu vikisikika. Nonie alimeza machozi pamoja na chakula, bila kuthubutu kuinua macho. Sahani yake ilipokwisha, aliacha mikono mapajani. Aliona haya kuomba.

Bakuli la viazi likasukumwa taratibu, likagusa kiwiko chake. Malachy alikuwa anatazama dirishani.

"Chukua," akasema. "Vinapoa."