Mvuke wa Saa Kumi

Maji yalikwisha kabla moto haujawashwa.

Alphonse alikuwa ametia mabomba matano ya sindano, yote ya maji safi, ndani ya tumbo la kile kichwa kidogo cha treni, sawasawa na kijitabu kilivyoagiza. Akakaza kifuniko, akageuka kutafuta kiberiti. Aliporudi alichungulia kioo cha kupimia maji, kioo chembamba kama njiti, akakikuta kitupu. Akainua mashine na kupapasa chini yake. Palikuwa pakavu.

"Yaya, uliimwanga maji?"

"Mi sijaigusa," alisema Julienne, ambaye Alphonse alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, saa kumi za alasiri, barazani kwa Papa Edouard katika mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Mzee Edouard alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini kwa sababu ya baridi ya kipupwe. Alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na minne. Miaka miwili iliyopita damu ilimpanda kichwani, ikamlaza upande wa kuume na kumfunga ulimi. Tangu hapo hakutamka neno. Alphonse, mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Kasumbalesa, aligundua kwamba akimwonyesha mzee video za treni kwenye simu, macho yake huchangamka. Ndipo akaagiza Ulaya kichwa cha treni ya mvuke kilichokwisha tengenezwa, kisicho na skrubu hata moja ya kukaza: unakitoa kwenye boksi, unapanga reli duara, unatia maji, mafuta na alkoli ya kuwashia. Kilikuwa cheusi chenye mistari ya kijani, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

Alphonse akatia maji tena. Safari hii yalibaki. Moto wa buluu uliwaka chini ya tumbo la mashine, maji yakaanza kunung'unika, na baada ya dakika saba magurudumu yakajizungusha yenyewe. Treni ikazunguka baraza ikipumua, ikiacha nyuma yake harufu ya mafuta ya moto. Alphonse akavuta kijiwaya cha filimbi.

Taya la Papa Edouard likatikisika.

"Maji," alisema.

Alphonse alipiga magoti, akamshika baba yake mikono, akalia. Julienne alileta kikombe. Mzee alikunywa, akaomba kingine, akanywa vikombe sita bila kupumzika.

Jioni ile Alphonse alirudi Kasumbalesa. Kabla ya kupanda gari alimwambia Julienne, "Yaya, kila siku saa kumi uiwashe. Usiache hata siku moja. Unaona vile inamufungua Papa."

"Nitaiwasha," alisema Julienne.

Kila alichoambiwa katika nyumba ile alikifanya. Hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa Edouard, na mtaa mzima ulijua habari yake. Baba yake, Kasonde, alikuwa mtia makaa wa Edouard zamani za treni za mvuke. Siku moja alilewa kazini akaanguka kutoka kwenye treni, akafa. Mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa uzazi. Edouard akamchukua yule mtoto wa mwaka mmoja na kumlea, na padri mmoja aliwahi kumtaja kanisani kuwa mfano wa huruma. Padri hakutaja kwamba Julienne alitolewa shuleni akiwa na miaka kumi na mitatu ili amuuguze mke wa Edouard na kumlea Alphonse. Wala hakutaja seremala wa Kambove aliyekuja kumposa, ambaye Edouard alimwambia mlangoni kwamba binti amekwisha kupata mtu. Kibemba, lugha ya baba yake, ilikatazwa nyumbani. Julienne alijifunza kidogo kidogo kwa wauza samaki sokoni. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Siku ya tatu, treni ilipoanza kuzunguka, Papa Edouard alifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya mzee. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya kijana.

"Amenshi," ilisema.

Julienne alisimama na kopo la mafuta mkononi. Neno alilijua. Lilikuwa maji, kwa Kibemba.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika harufu. Ndani kulinuka makaa ya mawe yaliyolowa, ingawa yeye alipikia mkaa wa miti kama kila mtu. Kulinuka kitambaa kilichoungua. Chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine iliyomfanya aache kula nyama. Asubuhi moja alipomvua mzee shati ili amwogeshe, alikuta ngozi ya kifua imeinuka kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Alipoigusa kwa kitambaa, ilitoka.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja, akapaka dawa. "Mama, ulimumwangia chai?"

"Hapana."

Muuguzi hakumwamini, na alipoondoka aliwaambia majirani.

Ndipo Julienne alipomwita Mama Chola, mjane wa makamo anayeongoza kikundi cha maombi na ambaye watu humwendea wakisumbuliwa na majini. Mama Chola alifika saa tisa na nusu, akatazama mashine pande zote.

"Hii ni mupya. Inatoka mu fabrike, mu kiwanda," alisema polepole. "Haina jini. Kitu kinafuata harufu ya mvuke tu. Kiko mu nyumba hii tangu zamani. Washa, nione."

Julienne akawasha. Maji yalipoanza kunung'unika, Papa Edouard aliinua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akautikisa kama mtu anayekataa chakula. Macho yake yalikuwa ya kwake mwenyewe, na yalijaa machozi. Kisha treni ikaondoka na mkono ukaanguka.

Mama Chola alishika rozari. "Wee ni nani?"

"Kasonde," ilisema ile sauti.

Julienne alikaa chini, sakafuni.

"Kasonde wa wapi? Unatafuta nini kwa muzee wa bantu?"

Sauti ikasimulia, nusu Kibemba, nusu Kiswahili, bila kupandisha wala kushusha, na kadiri treni ilivyozidi kuzunguka ndivyo maneno yalivyozidi kukimbizana: kwamba walipokuwa kaskazini, mbali na kila stesheni, kioo cha kupimia maji kilikuwa na ufa tangu asubuhi, na yeye Kasonde alimwomba dereva wasimame wakibadilishe, na dereva akasema hawana muda, wiki ile anapandishwa cheo na hataki kuchelewa, na kioo kikapasuka kikiwa mbele ya uso wake, na maji ya moto na mvuke vikamwingia machoni na kifuani na shati likashikamana na nyama, na Edouard akafunga mabomba, akasimamisha treni, akamshusha, akamlaza kwenye nyasi kando ya reli, akamwagia chupa ya pombe juu ya nguo, akapanda na kuondoka, na yeye akalala pale jua lote la siku ile na usiku wake, haoni, akiyasikia maji ya kijito karibu sana asiweze kuyafikia, akiita, mpaka siku ya pili.

"Nilikuwa na mutoto," ilisema sauti. "Mutoto mwanamuke. Kuko muntu anamujua?"

Moto wa alkoli ulikwisha, treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Papa Edouard alikuwa akitetemeka, na kwenye shati lake la flaneli, kifuani, palianza kulowana.

Mama Chola alimpeleka Julienne nyuma ya nyumba.

"Kuitoa haiko kazi ngumu," alinong'ona. "Usiwashe siku tisa. Mashine tutaizika na maombi. Lakini wee mwenyewe ndiye utamuambia aende, maana wee ni damu yake. Mi hatanisikia. Utamuambia: Baba, nimejua, pumuzika."

"Na Papa Edouard?"

"Atabaki bubu. Atakufa siku yake."

Julienne alikubali. Siku nne hakuwasha. Harufu ilipungua, vidonda vilianza kukauka. Mzee alimfuata kwa macho kila alikokwenda, na mara mbili aliubusu mkono wake alipokuwa akimlisha bukari, yaani ugali.

Siku ya tano Alphonse alipiga simu. "Papa anasema nini leo?"

"Hasemi. Niliacha kuwasha."

"Juu ya nini, yaya? Nilikuambia kila siku."

"Alphonse, unajua vile baba yangu alikufaka?"

Julienne alisikia malori ya mpakani yakipita upande wa pili wa simu.

"Papa alinielezaka wakati nilioa," alisema Alphonse mwishowe. "Alilia sana siku ile. Yaya, tungekuambia, ungefanya nini na ile habari? Ulikuwa unakula, ulikuwa na kitanda. Bantu bengi hawakupata hata ile."

"Miaka ishirini unajua."

"Yaya, basi, tutaongea siku ingine. Washa mashine, tafadhali. Papa iko yetu sisi wote."

"Ndiyo," alisema Julienne. "Nitawasha."

Akatoa kiti cha magurudumu barazani. Akafunga breki yake. Akapanga reli, akafuta vumbi kwenye viungio, akatia maji bomba kwa bomba mpaka kioo kikajaa, akadondosha mafuta, akamimina alkoli. Papa Edouard alipoona kiberiti alianza kutoa mlio kooni, mlio mdogo kama wa mtoto wa mbuzi. Julienne alimfunika blanketi vizuri. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na mdomo wake.

"Tata," alisema treni ilipoanza kwenda, akimwita baba kwa Kibemba. "Ile mutoto ni mimi. Nielezee mama alikuwa namna gani."

Kasonde akamweleza. Alimweleza siku hiyo na siku zilizofuata: jinsi mama yake alivyokuwa mrefu, alivyocheka akiziba mdomo kwa kitenge, jina alilokuwa amemchagulia mtoto kabla hajafa. Hayo Julienne hakuwahi kuyasikia popote. Kila alasiri aliongeza alkoli kidogo ili mazungumzo yawe marefu. Kwenye kiti, mwili wa mzee ulikuwa ukiiva polepole kutoka kifuani kwenda shingoni, na macho, ambayo hayakuwa ya Kasonde, yalimtazama bila kupepesa.

Mama Chola aliuona mvuke akiwa barabarani. Hakuingia. Alisimama kwenye lango.

"Umewasha tena."

"Ndiyo, mama."

"Ile haiko baba yako yote, Julienne. Ni maumivu yake tu. Ukiikulisha, itakomaa."

"Ni kile kidogo nilipata," alisema Julienne, na akarudi kwenye kigoda chake.

Papa Edouard alikufa mwanzoni mwa mwezi wa nane. Julienne alimwosha peke yake, mlango umefungwa. Alimvalisha suti yake ya reli, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akazungushia skafu juu yake. Watu wa parokia walisema wamemwona mzee kana kwamba amelala. Wengine walimshika Julienne mkono na kumwambia Mungu atamlipa.

Siku nyingi alijaribu kuwasha treni akiwa peke yake. Ilizunguka vizuri. Hapakuwa na sauti, kwa sababu hapakuwa na mdomo. Alikaa mpaka moto ukazimika, kisha akakaa tena kwenye baraza lile tupu mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi.

Kwenye misa ya siku arobaini Alphonse alikuja na mkewe Keren. Baada ya kula alikwenda kusimama mbele ya kabati ambamo mashine ilikuwa.

"Yaya, ningependa kuichukua," alisema. "Ni ile ilirudisha sauti ya Papa. Nitaiwasha kwangu, nimukumbuke."

Julienne alimtazama. Alikuwa amembeba mgongoni, huyu. Alimfundisha kufunga viatu.

"Chukua," alisema.

Akaleta boksi lake. Akaifunga mashine kwa kitambaa, reli akazipanga kwa ukubwa, akaweka kopo la mafuta pembeni lisimwagike. Akamwonyesha mahali pa kutia maji na kiasi cha kutia. Alipomaliza alimtia kijitabu mfukoni mwa koti.

"Ukae karibu wakati inaenda," alimwambia. "Ukiwa mbali hautasikia bizuri."

Jumapili iliyofuata simu yake iliita saa kumi na robo. Alikuwa Keren, na alikuwa akinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili.

"Yaya Julienne, sijue iko na nini. Aliwasha ile mashine, saa hii anaomba maji tu. Nimemupa ndoo nzima. Anasema luga sisikii, na sauti haiko yake. Na shati, yaya, kifua yake inatoa moshi. Nizime? Nifanye nini?"

Nyuma ya sauti yake treni ilisikika ikizunguka kwenye sakafu ya vigae, na mtu akiita.

Julienne alivuta kigoda, akaketi.

"Usizime kwanza," alisema. "Weka telefone karibu na kinywa yake."

"Yaya..."

"Weka, Keren."

Kulikuwa na mkwaruzo, hatua, kilio cha Keren kikienda mbali. Kisha pumzi. Julienne alibandika simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mwapoleni, tata," alimsalimu kwa Kibemba. "Ni mimi."