Nirudishie Boga Langu

Kabla hakujapambazuka, jikoni kwa Bibi Stefa palisikika kitu kikisagika taratibu: krr, krr, krr. Kilikuwa kinu chake cha mkono cha kahawa, amekizungushia taulo ili kisimwamshe mpangaji wake. Mpangaji mwenyewe, Uliana, alikuwa macho zamani, amelala chali kwenye chumba cha pembeni, simu sikioni. Alikuwa anausikiliza tena ujumbe wa sauti wa baba yake.

"Ulianka, mwanangu, kula vizuri. Soksi za sufu uvae. Sisi tupo. Bibi yako leo amekunywa mchuzi."

Nyuma ya sauti ya mzee Hnat saa ya ukutani ikaanza kugonga, ikapitiliza kwa mlio mmoja wa ziada kama kawaida yake. Saa ile haikuwahi kusema kweli. Mtaa mzima uliijua, na watu waliopita dirishani walikuwa wakicheka, "Kwa Hnat tayari ni kesho!"

Mji wao sitautaja. Uko ng'ambo ya mto Dnipro, upande ulioshikwa na wanajeshi wa Urusi, na mzee Hnat bado yuko huko kwa sababu mama yake hawezi kuinuka kitandani. Uliana alifika Lviv, magharibi mwa Ukraine, na begi moja. Bibi Stefa hakumuuliza maswali. Alimwonyesha ndoano ya kutundikia koti, akasema, "Hii ni yako."

Lakini mtu aliyeacha mzazi nyuma hatulii. Uliana alikaa akasimama, akafua nguo zilizokwisha kufuliwa, akatoka kwenda sokoni hata pasipo na cha kununua. Asubuhi hiyo alitumwa viazi.

Umeme ulikuwa umekatika, jenereta zinanguruma mbele ya kila kibanda, watu wanasemeshana kwa kupiga kelele. Uliana, kwenye koti lake la kijani na kofia nyekundu ya kufuma, aligeuka ghafla akajigonga kwenye kitu chenye manyoya.

"Mama yangu! Huyo paka wako anauma?"

Kijana aliyeshika fimbo ndefu alicheka. Kwenye ncha ya fimbo palikuwa na maikrofoni iliyovishwa manyoya ya kijivu ya kuzuia upepo.

"Haumi. Anasikia tu."

"Anasikia nini hapa zaidi ya jenereta?"

"Anamsikia mtu wa kusini anayenunua viazi vibovu."

"Viazi vyangu si vibovu!"

"Basi kimoja kimeona haya, kimekimbia."

Akainama, akakiokota kiazi chini ya meza ya muuza samaki, akakipangusa kwa mkono wa sweta yake mwenyewe kabla ya kukirudisha kwenye mfuko. Uliana aliona vile alivyokipangusa. Akataka kusema asante, lakini kijana akageuza kichwa.

"Semea upande huu, dada. Sikio la kulia nililiacha Lysychansk, nyumba ilipopigwa kombora."

Aliitwa Zakhar. Zamani alikuwa fundi wa sauti kwenye ukumbi wa mji wake. Sasa alikuwa anafundisha watu waliohama kutengeneza podikasti.

"Unasimulia mwenyewe yaliyokupata," alisema. "Tunakata, tunaunga, halafu mtu aliye mbali anakusikiliza kwenye simu yake huku anamenya karoti."

"Mimi sijui kusimulia."

"Lakini kugombeza unajua. Tutaanzia hapo."

Mafunzo yalikuwa chini ya maktaba, kwenye chumba ambacho king'ora kikilia ndicho pia cha kujifichia. Walitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Mtu mmoja alileta chupa ya chai, mwingine betri kubwa ya kuchajia simu za wote, na hakuna aliyeulizwa alete. Mwalimu wao, Orysia, mama mnene wa Kharkiv, alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka wakaichoka: "Mwenye mtu wake upande wa pili, abadilishe majina, afiche mitaa. Wale nao wanasikiliza."

Uliana akajifunza kukaa karibu na maikrofoni bila kuipulizia. Akajifunza kurekodi kimya cha chumba, maana hata kimya hutofautiana, na fundi hukihitaji cha kuzibia mianya. Akajifunza pia kutembea upande wa kushoto wa Zakhar. Hilo hakufundishwa na mtu.

Jioni umeme ukikatika, alikuwa akikaa jikoni na mshumaa, simu inaita.

"Unafanya nini, jua langu?"

"Nakula mkate na giza."

"Niwekee kipande."

"Cha mkate au cha giza?"

"Chochote ulichogusa."

"Zakhar! Bibi Stefa anasikia."

"Msalimie. Mwambie kahawa yake inaninyima usingizi hata nisipoinywa."

Bibi Stefa alicheka mpaka akakohoa. "Mwanaume wa maneno huyo. Angalia, maboga ya dada yangu yapo pale mlangoni. Akikuchosha mkabidhi moja aende zake, kama sisi tulivyowafanyia waposaji tuliowakataa. Mwanaume akipewa boga mlangoni haulizi mara mbili."

Simulizi ya Uliana ilikuwa ya jirani aliyewavusha watu kwenye vizuizi vya barabarani, na baba aliyebaki nyuma kumgeuza mama yake kitandani. Majina aliyabadilisha yote, na mtaa akauficha. Mwishoni aliweka ule ujumbe wa sauti: kula vizuri, vaa soksi, sisi tupo. "Hapo watu watalia," Orysia alisema, na yeye mwenyewe akalia.

Siku ya kusikiliza, ambayo ndiyo pia ya kuirusha podikasti mtandaoni, walialika watu wa mji. Uliana alivaa blauzi nyeupe ya Bibi Stefa yenye darizi nyekundu mikononi. Sauti yake ikajaa chumbani, watu wakatulia. Akafumba macho kungoja sauti ya baba yake.

Haikuja. Yalikuja makofi.

Alimkuta Zakhar kwenye ngazi za nje, katikati ya watu wanaovaa makoti.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Jua langu, nilikupigia tangu asubuhi, simu yako ilikuwa imezima. Nimemtoa. Twende pembeni nikwambie."

"Umemtoa? Kwani ni kikohozi? Ni ile pumzi mnayokata ili tusikike vizuri?"

"Uliana, si hapa." Aliwatazama watu waliowazunguka.

"Nyumba wameichukua, mto wameuchukua. Sauti yake ndiyo nilibaki nayo, na wewe umeitupa!"

Akaondoka kwa miguu mpaka nyumbani, darizi ikionekana kwenye koti lililofunguka. Zakhar alipopiga, Uliana akaizuia namba yake. Siku iliyofuata kengele ya mlango ikalia, na mlangoni alisimama Zakhar, amenyoa, ana maua ya njano mkononi.

"Sikiliza kidogo tu," alisema.

Uliana hakusikiliza. Aliinama, akainua boga kubwa kuliko yote pale chini, akambebesha kifuani. Zakhar alilipokea kama mtu anayepokea mtoto wa watu, kwa uangalifu. Midomo yake ilikuwa myeupe. Maua akayaacha kwenye zulia la mlangoni, akashuka ngazi taratibu, maana mwenye boga kubwa haoni anapokanyaga.

"Ulimpa kweli?" Bibi Stefa aliuliza kutoka jikoni.

"Nimempa."

Bibi Stefa alitoka jikoni. Aliyaokota maua akayatia maji.

Siku zilizofuata Uliana alizidi kuhangaika. Alipanga makabati, akayapangua. Mafunzoni hakurudi. Ikaja asubuhi moja simu ikaita kwa namba asiyoijua, sauti inakatika katika.

"Ulianka?"

"Baba!"

"Mimi huyo. Usilie, mtandao utaisha. Sikiliza, ile jemu yako ya cheri imefika. Tumeonja."

Uliana hakuwa ametuma jemu. Lakini watu wa kule siku hizi husema kwa kuzunguka, na yeye alikuwa mtoto wa kule.

"Ilikuwaje, baba?"

"Tamu. Ila nilikula roho ikiwa juu mpaka kijiko cha mwisho. Nilijua utasahau kokwa moja. Unaijua, ile inayopitiliza. Mtu angeuma, akajua imetoka mti gani. Kumbe umeitoa! Nani kakufundisha kuwa mwangalifu hivyo?"

Uliana aliibana simu sikioni.

"Na saa, baba?"

"Nimeishusha, imelala kabatini chini ya mashuka. Wageni wamepita nyumba hadi nyumba, wanauliza nani ana ndugu wenye midomo. Kwetu walikuta mzee na mgonjwa, wakaondoka. Bibi yako anakusalimu. Soksi umevaa?"

Simu ikakatika kabla hajajibu.

Ndipo alipoelewa: jemu ni simulizi yake, kokwa ni saa. Majina alibadilisha, mtaa akauficha, na nyuma ya sauti ya baba yake akaiacha saa ambayo hata kipofu wa mtaa ule angeitambua kwa mlio wake wa ziada. Mtu mmoja tu huku Lviv alijua habari za saa ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia, gizani, kwa simu, wanacheka.

Alivaa koti bila kofia. Basi la umeme lilikuwa limesimama njiani, akatembea. Zakhar na mama yake walikaa mtaa wa Sykhiv, kwenye hosteli ya waliohama, chumba kimoja mwisho wa korido. Mlango ulifunguliwa na Mama Tamila, mwanamke mdogo aliyevaa aproni. Harufu tamu ikamtangulia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Uliana. Nimekuja kuchukua boga langu."

Mama Tamila alimtazama tangu nywele hadi viatu vilivyolowa. "Ahaa. Kumbe wewe ndiye mwenye boga. Mwanangu alilileta akaliweka pale, siku zote hizi wanatazamana."

"Naomba unirudishie."

"Mwanangu, si umechelewa? Nimelipika uji na mtama leo. Korido nzima imekula, hata yule mzee asiyesalimia watu."

Nyuma yake Zakhar alisimama, bakuli mkononi. Uliana akazunguka meza, akaenda akasimama upande wake wa kushoto.

"Baba amepiga. Ulikuwa unasikia saa, mimi nasikia baba tu."

"Ningekungoja," alisema Zakhar. "Ningekuja nyumbani kwako kabla ya kukata. Niliogopa muda, nikaamua peke yangu juu ya mtu wako. Hilo kosa ni langu."

"Ungeniambia ningekataa."

"Ungelia kwanza. Halafu ungekata mwenyewe, na mkono wako usingetetemeka."

"Na sauti yake?"

"Ipo, nzima, na saa yake. Nimekutunzia. Siku mji wenu utakapokuwa huru tutaisikilizisha dunia, na saa ipige hata mara mia."

Uliana akaweka paji la uso begani kwake. "Lile boga lihesabu kama halikutoka."

"Nimelila bakuli mbili, jua langu. Nitalihesabuje?"

"Basi uje upya. Njoo unipose kwa Bibi Stefa. Nitayaficha yote chini ya kitanda."

"Na baba yako?"

"Akipiga nitamwambia nimepata mtu wa kutoa kokwa. Ataelewa."

Kwenye dirisha, juu ya gazeti, mbegu za boga zilikuwa zikikauka. Mama Tamila alimfungia Uliana konzi moja ya mbegu hizo kwenye kitambaa. Kisha akamvua viatu, akamvisha soksi za mwanawe, nene, za kijivu, bila kuuliza ukubwa. Uliana akazitazama miguuni, akacheka na kulia. King'ora kilianza kulia nje, kikazima. Korido yote ikatoa vichwa, ikavirudisha ndani.

Wakati wa kuondoka, Mama Tamila alimshika mkono mlangoni.

"Uje tena Jumapili, mwanangu."

"Nije na nini, mama?"

"Njoo na mkate, njoo na huyo Bibi Stefa wako, njoo na lolote lililopo. Ila maboga, nakuomba, yaache huko huko. Uje tena, lakini."